Pindo la Vidole Vinne

Shemeji yangu anajua soksi ilikozaliwa. Yake ya kushoto hajui iko wapi. Kila asubuhi dada yangu huinama chini ya kitanda kumtafutia, na mwenyewe husimama kwa mguu mmoja akimweleza kwamba neno hilo Waingereza walilitoa kwa Warumi wa kale, na kwamba kwa Warumi lilikuwa kiatu chepesi cha waigizaji wa vichekesho. Mimi nalala chumba cha pili, ukuta mwembamba, nasikia yote. Dada humpa soksi, yeye huivaa. Kushukuru hawezi, maana maelezo hayajafika mwisho.

Mtaani tunamwita Bwana Asili, kwa sababu hawezi kuliona vazi la mtu asiseme, "Asili ya neno hili ni..." Jina alibandikwa na kinyozi wa mlango wa pili, kwa kejeli tupu, na yeye akalipokea kama cheo. Mtu wa namna hiyo utamtukana vipi?

Alikuja kwetu kushonewa kifungo cha koti. Wakati huo alikuwa akifundisha Kiingereza kwenye shule moja, si kwa kuajiriwa hasa, alikuwa anamshikia nafasi mwalimu aliyekwenda masomoni. Dada akachukua sindano, yeye akamwambia kwamba Waingereza neno lao la kifungo wamelipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa neno hilohilo huita chipukizi la ua, lile tumba ambalo halijachanua. Dada alikuwa msichana. Watu walikuwa wamemsifu shepu, wamemsifu heshima, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anashona maua. Nilikuwepo, natunga uzi. Nikamwona dada anakishona kifungo kimoja kwa muda ambao angemaliza mkono mzima wa koti. Nikajua tumekwisha.

Wakaoana. Yule mwalimu akarudi kutoka masomoni, shemeji akatoka shuleni na kitabu kinene kisicho na jalada, kinachoeleza maneno ya Kiingereza yametoka wapi. Kazi nyingine hakutafuta. Alivuta kiti hadi mlangoni mwa karakana ya dada, akaketi, akafungua kitabu, na kuanzia siku hiyo kiti kile ndicho ofisi yake.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna meza ya kukatia, kando ya ukuta kuna cherehani tatu, nyuma kuna mlango wa uani ambako kuna bomba, pipa na kamba za kuanikia. Mteja akiingia, kabla hajafika mezani lazima apite kwa Bwana Asili. Hapo ndipo ushuru unapolipwa. Kijana akija na suruali ya jinzi iliyochanika goti, ataambiwa kwamba jinzi ni jina la mji wa bandari huko Italia, limepinda njiani kwa kupita midomo ya Wafaransa, na kwamba denimu nayo ni mji, ila huo uko Ufaransa kwenyewe. Akija mtu na jezi, ataambiwa kuna kisiwa ambacho watu wake walisifika kwa kufuma sufu. Pajama ya mgonjwa mmoja ililetwa ipunguzwe kiuno, aliyeileta akasimamishwa mlangoni mpaka akajua kwamba kwa Waajemi na Wahindi pajama maana yake ni vazi la miguu tu. Mgonjwa yuko kitandani anasubiri.

Siku moja alikuja mama mmoja, muuza mboga, na shati la mumewe na sketi yake mwenyewe. Shemeji macho yakamng'aa. "Unajua, mama, kwamba hivi ulivyoshika ni ndugu wa tumbo moja? Shati na sketi kwa Waingereza wa kale shina lao ni moja, kitu kilichokatwa kikawa kifupi. Mmoja kabaki nyumbani, mwingine kapitia kwa mabaharia wa kaskazini."

"Basi hao ndugu wana ugomvi," mama akasema, "maana la mume wangu linabana na yangu inapwaya. Fundi yuko wapi?"

Sisemi kwamba anadanganya. Laiti angekuwa anadanganya! Niliwahi kumuuliza mwalimu mmoja, mwalimu hasa, mwenye darasa lake, kuhusu habari ya jinzi na ile ya pajama, akaniambia ni kweli tupu. Niliumia wiki nzima. Mwongo unaweza kumsuta, akanywea. Huyu utamsuta kwa lipi? Anajua kila vazi lilikotoka, na lake mwenyewe analopewa na mkewe, likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, hajui limefikaje mwilini mwake. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wamemwona shemeji yangu.

Nilimwambia dada mara nyingi. "Dada, umeoa au umeolewa?"

"Nyamaza ushone," ananijibu.

"Mume wa kazi gani huyu? Debe tupu."

"Si tupu," anasema. "Lina maneno." Halafu anakanyaga cherehani, na mlio wake unafunika yaliyobaki kinywani mwangu. Nilimhesabu dada miongoni mwa wajinga wa mapenzi, wale ambao hata ukiwaonyesha moto watasema ni machweo. Nilimdharau shemeji kwa sauti, na dada nilimdharau kidogo, kimoyomoyo, jinsi mtu anavyoweza kumdharau ndugu anayempenda.

Kazi aliyopewa shemeji ilikuwa moja tu, kuloweka. Asiyejua ushonaji nitamweleza. Kitambaa cha pamba kikitoka dukani hakijapata maji, kikifuliwa mara ya kwanza kinarudi, yaani kinapungua urefu. Ukikikata kabla hakijarudi, nguo itarudi mwilini mwa mteja, na mteja atarudi kwako na ndugu zake. Kwa hiyo jora la kitambaa hutumbukizwa pipani likalala humo, kesho yake likaanikwa likijichuruzikia lenyewe bila kukamuliwa, likapigwa pasi, ndipo likaja mezani. Maji kwanza, mkasi baadaye. Hiyo ndiyo sheria ya dada, na ndiyo kazi ambayo hata mtu anayeota mchana anaweza kuifanya, kwa sababu anayeifanya hasa ni maji.

Nami nilikuwa na mipaka yangu. Nilishona vifungo, nilipiga matundu, nilitia zipu, nilipachika mifuko. Pindo sikuruhusiwa. Pindo la suruali, la sketi, la gauni, la chochote, dada alipiga mwenyewe, kwa mkono, akiwa amegeukia dirishani. "Pindo niachie," alikuwa anasema, hata siku ambazo kazi imetuelemea na macho yanamtoka machozi. Nikadhani ni maringo ya fundi, maana kila fundi ana lake.

Nguo za kununua tayari zikaja, marobota kwa marobota, rahisi kuliko uzi wetu. Watu wakaacha kushonesha. Cherehani ya tatu ikafunikwa shuka, baada ya muda ya pili nayo ikafunikwa. Karakana ikawa na sura ya nyumba yenye wagonjwa. Dada akaanza kusema habari ya kufunga, si kwa kulia, alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha. Angepeleka cherehani moja chumbani, awe fundi wa viraka vya majirani. Mikono ile! Nilitamani kumnyanyua Bwana Asili pamoja na kiti chake niwaweke wote wawili barabarani.

Ndipo akaja Kamanda. Jeshini hajawahi kukanyaga. Ni msimamizi wa walinzi wa kampuni moja, wale wanaokaa mageti, na cheo hicho amejipa pamoja na fimbo. Alitaka suruali za kaki, za kundi moja la walinzi kwanza. "Hizi ni za kuonjea, fundi," alimwambia dada. "Zikisimama vizuri, sare za walinzi wetu wote ni zako, mwaka hadi mwaka. Zikiniaibisha, naenda kiwandani na mtaa mzima nitauambia kwa nini."

Dada akapima walinzi mmoja baada ya mwingine. Jioni ile alizipapasa zile cherehani mbili juu ya shuka zake, kama mtu anayewaambia watoto wangoje kidogo, chakula kinakuja. Nilijua anachokitaka. Alitaka kuzifunua.

Majora ya kaki yakaletwa. Siku ya kuloweka mama yetu akaugua, mimi na dada tukalazimika kwenda kumwangalia na kulala huko. Dada akamshika shemeji mkono, akamwonyesha pipa, akamwonyesha majora, akamwambia taratibu kama anavyoambiwa mtu anayevushwa barabara. "Loweka yote. Kesho asubuhi anika. Yakikauka piga pasi. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mke wangu. Nenda kwa amani, msalimie mama."

Tuliporudi tulikuta majora mezani, yamekunjwa, yamenyooka kwa pasi. "Tayari?" dada akauliza. "Tayari kabisa," akajibu. Dada akalaza kiganja juu ya kitambaa, akakiacha hapo kidogo, akamwangalia mumewe, akachukua mkasi. Kamanda alikuwa ameshatuma mtu kuulizia mara mbili.

Tukashona kama wenye wazimu. Suruali zikatoka, mistari imesimama, mifuko imenyooka. Mapindo dada akapiga mwenyewe, dirishani, mpaka vidole vikawa vyekundu. Kamanda akazichukua akiwa anatabasamu, jambo ambalo usoni mwake linahitaji mazoezi.

Baada ya kufuliwa mara moja tu, wakaja. Kamanda mbele, walinzi nyuma, na nyuma yao nusu ya mtaa. Suruali zilikuwa zimepanda juu ya vifundo vya miguu, soksi zote nje, za kila rangi. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi inanguruma. "Hawa wanalinda mageti au wanavuka mto?" akauliza, na mtaa ukacheka. Mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameinama anajaribu kuivuta yake chini kwa mikono, na ikawa inagoma. Yule ndiye aliyenitia uchungu.

"Fundi!" Kamanda akapiga meza kwa fimbo. "Nilikuambia nini mimi?"

Dada akasimama. Lakini kabla hajafungua kinywa, kule mlangoni mtu akainuka kitini, kitabu kifuani. "Kamanda, ngoja nikueleze. Asili ya neno kaki..."

Nikamkatiza. "Shemeji, kitambaa ulikiloweka?"

"Ndiyo hilo ninalotaka kueleza," akasema, tena kwa upole, kama mimi ndiye mwanafunzi mzito. "Asili ya neno kaki ni Uajemi. Ni vumbi. Maana yake ni kitu cha rangi ya vumbi, Waingereza wamelikuta India jeshini. Sasa fikiri, shemeji. Kitambaa cha vumbi, cha nchi kavu, cha askari wanaolala mchangani. Hakina haja ya maji. Nilikitafakari nikaona kukiloweka ni kukionea. Nikakipiga pasi tu."

Kinyozi akazima mashine yake. Katika maisha yangu nimeona wavivu, nimeona walevi, nimeona mtu aliyeuza mlango wa nyumba anayokaa mwenyewe. Lakini mtu aliyepewa pipa, akapewa maji, akapewa kitambaa, akakaa chini akatafakari mpaka akaliepuka pipa kwa njia ya Uajemi, huyo nilikuwa sijamwona. Nilimdharau siku ile mpaka nikahisi uchachu mdomoni. Nikamwona mawazoni dada yangu anaifunika cherehani ya mwisho. Nikamwona anashona viraka.

"Bwana," Kamanda akamwambia shemeji polepole, "ukisema neno jingine moja tu, nitakupeleka mimi Uajemi." Akamgeukia dada. "Haya, fundi. Tumemalizana."

"Hatujamalizana," dada akasema. "Vua moja unipe."

"Nini?"

"Suruali. Nipe moja."

Yule mzee mwenye mvi akaingia nyuma ya pazia la kupimia, suruali ikatoka kwa juu. Dada akailaza mezani, akageuza mguu ndani nje, akachukua wembe, akakata uzi wa pindo, akavuta. Pindo likafunguka. Likaendelea kufunguka. Ndani yake kulikuwa na kunjo, na ndani ya kunjo hilo kuna jingine, pana, limelala limefichwa kwa mishono midogomidogo ambayo kwa nje usingeiona hata kwa kurunzi. Dada akaweka vidole vyake vinne pale. Nalo lilikuwa limerudi kidogo kwa maji, vidole vikawa vinazidi kwa ukucha, lakini lilitosha. Akalikunjua, akashikiza ukingo, akafanya vivyo hivyo mguu wa pili, akapitisha pasi na kitambaa kibichi kuua alama, akairudisha nyuma ya pazia. Mzee akatoka. Suruali ilikuwa imelala juu ya viatu vyake kama inavyotakiwa, na yeye akajitazama miguu akacheka kama mtu aliyerudishiwa heshima yake.

"Ziko hivi zote?" Kamanda akauliza.

"Zote. Niachie mpaka kesho kutwa."

Kamanda akaikagua ile suruali, akachuchumaa, akalishika pindo, akasimama. Kwa mara ya kwanza fimbo akaitia kwapani. "Sasa fundi, uliambiwa kitambaa kimelowekwa. Ulijuaje uweke akiba yote hii?"

"Nimeolewa, Kamanda," dada akasema.

Watu walicheka mpaka kinyozi akashika ukuta. Kamanda alicheka. Walinzi walicheka na suruali zao fupi. Dada hakucheka. Alikuwa tayari amenyoosha mkono kudai suruali ya pili. Nami nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimelikumbuka dirisha. Nilikumbuka gauni za mabibi harusi, kaptura za watoto, makanzu, mashuka, miaka yote ile, mgongo wa dada umetugeukia. "Pindo niachie."

Watu walipotawanyika nikafungua kabati. Nikatoa sketi yangu mwenyewe, aliyonishonea zamani, nikalipapasa pindo kwa ndani. Vidole vinne. Nikapapasa gauni la mteja lililokuwa likisubiri kuchukuliwa. Vidole vinne. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimeishi ndani ya karakana hiyo bila kuusikia. Dharau yangu niliitoa kinywani kila siku ikaisha hewani. Ya dada ilikuwa imeshonwa.

Shemeji alikuwa bado amesimama pale alipoachwa, kitabu kifuani. "Tangu lini?" akauliza.

Dada hakuinua kichwa. "Tangu gauni la kwanza uliloniambia umeloweka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongea."

Akamsukumia wembe juu ya meza, kisha gunia la suruali walizoziacha walinzi. Shemeji akalichukua. Akavuta kiti kutoka mlangoni, akakileta ndani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaketi, akaanza kufumua. Kila pindo alilolifungua lilimfunulia kunjo lilelile, na kila mara alilitazama kabla ya kulikunjua, kama mtu anayesoma. Sikumhurumia. Nilijaribu nikashindwa.

Mchana wake kinyozi akachungulia, ameleta wateja wawili waje kustarehe. "Bwana Asili! Hebu tuambie, hii tai inayotunyonga imetoka wapi?"

Shemeji akafumua uzi mwingine kwa wembe. "Sijui," akasema.

"Anajua sana," dada akasema kutoka kwenye cherehani. "Leo ana kazi."

Suruali zikaenda siku ya ahadi, na Kamanda akatimiza neno lake. Majora yakaja, mapya, mengi, mpaka yakafika dirishani. Tukavua shuka kwenye cherehani zile mbili, tukatia mafuta, tukaita mafundi wawili waliokuwa wamekaa bure. Kuloweka dada alifanya mwenyewe, mikono imezama pipani mpaka viwikoni, na shemeji akiwa kando anabeba ndoo anazoambiwa abebe. Anabeba vizuri tu. Siku hizi habari za asili hutoa jioni, kwa sauti ya chini, na kwa anayeuliza.

Kazi ilipozidi, dada akaniita dirishani akanipa sindano. "Leo piga pindo."

Nilifurahi kama mtoto. Nikaweka suruali magotini, nikauliza nikunje kiasi gani.

"Vidole vinne."

"Dada, lakini kitambaa hiki umekiloweka mwenyewe. Nimekuona."

"Nimekiloweka mwenyewe," akasema. Akatazama uani, ambako mumewe alikuwa ameshika ndoo tupu na amesimama hatua mbili tu kutoka dirishani, anatusikia. "Na bado naishi naye."

Ndoo ikawekwa chini taratibu. Nikakunja vidole vinne.